Tangi Lililokaa Kwenye Mengineyo

Mama alihamia chini ya tangi mwaka ule ambao miguu yake iligoma kupanda ngazi. Mimi nilikuwa nakaa ghorofa ya nne, katika mtaa wetu wa ushirika wa nyumba upande wa Kariobangi, na yeye alikuwa amekuja kutoka mkoa wa Magharibi kukaa nami baada ya baba kufariki. Alizipanda ngazi zile kwa muda huku akizitukana kwa lugha ya nyumbani. Siku moja akaketi katikati yake na kapu la mboga, akasema haendi juu wala harudi chini mpaka nimtafutie pa kuishi kama binadamu.

Nyuma ya jengo la mwisho kulikuwa na vyumba vya chini vilivyojengwa viwe stoo. Kamati ya nyumba ilivitoa kwa watu wasio wanachama, kwa idhini ambayo ingeweza kuondolewa wakati wowote. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Niliomba chumba kimoja, nikapewa, nikampelekea mwenyekiti kuku wa shukrani.

Tangi la maji la mtaa mzima lilisimama hapo hapo nyuma, juu ya miguu mirefu ya chuma, na kila asubuhi kivuli chake kilipita mlangoni kwa mama. Aliyelileta ni mwenyekiti, wakati wa ile shida ya maji iliyotufanya tubebe mitungi kama punda. Alikuwa dereva wa ofisi moja kubwa mjini, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, anayejua mlango wa kubisha na saa ya kuubisha. Tangi lilipofika mchungaji aliliombea, sisi tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo hakuna aliyelisema vibaya. Kila Desemba miguu yake ilipakwa rangi mpya ya buluu.

Mama ndiye aliyenionyesha. Alikuwa amefunga kamba ya kuanika nguo kutoka mguu mmoja wa tangi hadi kwenye pete ya chuma ukutani kwake. Kila baada ya muda kamba ililegea, shuka zikaburuzika matopeni. Alikata kipande, akaifunga upya, ikakaza vizuri. Wiki kadhaa zikipita imelegea tena. Nikamwambia anunue kamba ya maana, aache hizi za bei ya kutupa.

"Si kamba," akasema. "Huyu jirani yangu anakuja kwangu."

Nikacheka. Akaniita dirishani, akanionyesha vipande alivyokuwa amekata, amevilaza pamoja kwa sababu mama yangu hatupi kitu. Nilivitazama, nikatoka nje nikautazama ule mguu wa buluu. Tangi lilikuwa linaegemea upande wa kitanda chake.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Nilikuwa karani katika kiwanda kimoja eneo la Viwandani, na kila chuma kilichoanguka huko nilikisikia kikianguka kwa mama. Mvua ikinyesha nilikuwa natoka kazini nikikimbia kutoka kituoni mpaka nyuma ya jengo, viatu mkononi, nakuta ameketi mlangoni akichambua sukuma wiki. Nilimsihi apande juu kwangu hata kwa siku chache. Alikataa. "Nikifia kwenye hizo ngazi zako," aliniuliza, "kanisani utawaambia nini?"

Sasa nieleze jinsi kamati yetu ilivyokuwa inaamua mambo. Tulikutana Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, katika darasa la chekechea. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, watu wazima na vitambi vyetu. Mkutano ulifunguliwa kwa sala, kila mtu na zamu yake, na ulifungwa kwa sala. Ukishafungwa hivyo hakuna wa kuufungua, hata nyumba ikiwa inaungua utangoja mwezi ujao. Hatukupiga kura. Mwenyekiti aliuliza, "Tumekubaliana?" na sisi tukapiga makofi. Miaka ile watu wengi wa nchi hii walikuwa wamejifunza kutoinua mkono peke yao, na sisi hatukuwa mashujaa kuliko wengine.

Nilileta habari ya tangi. Niliileta pale inapoletwa kila habari ya mtu mdogo, mwisho kabisa wa ajenda, kwenye Mengineyo. Mwenyekiti alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. "Hilo ni jambo zito," akasema. "Litaangaliwa. Tumekubaliana?" Makofi. Kisha akamgeukia mweka hazina, mama mnene aliyeuza viazi sokoni Kariobangi, akamwambia atuombee tufunge. Mwezi uliofuata nikalileta tena, likaenda vile vile. Na uliofuata. Katika kumbukumbu za mkutano niliandika kila mara: ilikubaliwa tangi liangaliwe. Liangaliwe! Lilikuwa linaangaliwa na mama yangu tangu asubuhi hadi jioni.

Kazini nilikuwa nachapa ripoti za mashine zilizoharibika. Ripoti zile hazikutafuta nani mkosaji. Ziliuliza tatizo lilisemwa lini kwa mara ya kwanza, lilisemewa wapi, nani alikuwepo, na baada ya kusemwa kilifanyika nini. Nilikuwa nimezichapa miaka nenda miaka rudi bila kuzifikiria. Siku moja vidole vikasimama juu ya mashine ya kuchapa, nikajiuliza kwa nini sijawahi kuiuliza kamati yangu maswali hayo.

Jumamosi mchana nikashuka na kumbukumbu zote za mikutano tangu nilipochaguliwa, nikazitandaza juu ya kitanda cha mama kwa sababu meza yake ilikuwa ya kikombe kimoja. Hakukuwa na siri ndani yake. Kila mwezi nilizisoma kwa sauti mbele ya wote, na wote wakazithibitisha kuwa sahihi. Ila tulikuwa tukizisikia moja moja, na kila mara tukiwa na njaa ya chakula cha mchana. Nilichofanya ni kuzilaza kando kwa kando, kisha kuuliza maswali ya kiwandani.

Kila jambo lililowekwa juu ya ajenda lilikuwa limefanyika. Geti lilikuwa limepakwa rangi. Nyama ya sherehe ya Krismasi ilikuwa imeletwa kutoka soko la nyama la Burma, tena mbavu nzuri. Na kila jambo lililoingia kupitia Mengineyo, lote, bila kubakiza hata moja, lilikuwa limepigiwa makofi na kufa: taa za ngazini, mtaro wa maji machafu, tangi. Rangi ya miguu ya tangi ilikuwa inawekwa namba moja kila mwaka. Miguu yenyewe ilikuwa kwenye Mengineyo.

Kisha nikatazama nani anakaa wapi. Sote tuliokuwa tukiketi kwenye vile viti vya watoto tulikaa majengo ya mbele, yanayotazama barabara. Mjumbe wa jengo la nyuma alikuwa amekwisha kuhamia kwao mashambani zamani. Shemeji yake alituletea udhuru wake kila mwezi, na kwa desturi yetu aliyetuma udhuru alihesabiwa kuwa pamoja nasi. Kwa hiyo jengo la nyuma lilikuwa likikubali kila kitu kupitia mdomo wa mtu aliyekuwa anapalilia mahindi.

Kitandani pale sikumwona mtu mbaya hata mmoja, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, maana mtu mbaya unaweza kugombana naye. Hapa kulikuwa na watu waungwana, waliosali na kupiga makofi, na tangi lilikuwa linazidi kulala. Mama alinikuta nimeshika kichwa. Akaniambia niondoe makaratasi yangu, anataka kujinyoosha.

Nilimwendea mwenyekiti kwanza, nyumbani kwake, kwa heshima zote. Mkewe alinimiminia chai. Nikamweleza nilichokiona, polepole, bila kumnyooshea kidole. Nikaomba mambo mawili tu: tangi liwekwe juu ya ajenda, na jengo la nyuma lipate mjumbe anayekaa jengo la nyuma.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Umefanya kazi nzuri, mama katibu," akasema. Akakoroga chai yake. "Na mama anaendeleaje na kile chumba?"

"Anaendelea vizuri, mzee."

"Nafurahi. Maana kile chumba kinaulizwa sana. Kila siku mtu ananisimamisha njiani. Mimi nawaambia, hapana, pale kuna mama wa katibu wetu, tumvumilie." Akatabasamu. "Umsalimie."

Chai yangu niliiacha katikati. Nilishuka ngazi zake nimeshika ukuta. Nikisema, mama anatolewa chumbani. Nikinyamaza, chumba kinaangukiwa. Na hakuwa na pengine pa kwenda. Nyumba ya kijijini ilikuwa imeshachukuliwa na baba wadogo, na ngazi zangu zilikuwa zile zile.

Mkutano uliofuata ulikuta mvua zile za mwishoni mwa miaka ya tisini zimeshika nchi, mvua ambazo hazikutaka kuisha. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nasema kweli, nilikuwa nimeamua, nikajiambia labda chuma kina nguvu kuliko ninavyofikiri. Tukakaa. Mwenyekiti akatazama huku na huku, mweka hazina akaninong'oneza, "Dada, ni zamu yako kufungua." Nikasimama. Wote wakainamisha vichwa na kufumba macho.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza. "Baba yetu na Mungu wetu, tunakushukuru kwa siku ya leo, tunakushukuru kwa uhai, maana wengine hawakuiona." Mvua ikapiga mabati ya darasa kwa nguvu, na akilini nikamwona mama mlangoni kwake na bakuli la mboga. Sikupanga lililofuata. Nilijua tu kwamba katika mtaa ule mtu anayeomba hakatizwi, si na mwenyekiti, si na polisi.

"Baba," nikasema, "wewe unaona. Unajua ya kuwa mambo tunayoyaweka mwanzo wa mikutano yetu yanafanyika, na yale tunayoyaweka mwisho hayajafanyika hata moja."

"Ndiyo, Bwana," akaitikia mweka hazina, kwa mazoea tu, macho yamefumbwa.

"Unajua ya kuwa tangi letu limekaa mwisho wa kila mkutano, na miguu yake imeinama juu ya watu wanaolala. Unajua ya kuwa hapa tulipo hakuna hata mmoja wetu anayelala chini yake. Na ndugu yetu wa jengo la nyuma, tunayemwandika kila mwezi kuwa yuko, wewe unajua hayuko."

"Ndiyo, Bwana," wakasema wawili watatu, safari hii kwa sauti ya kujikwaa.

Mwenyekiti alikohoa. Nilisikia kiti chake kikilia. Nikashikilia meza ya watoto yenye picha ya bata. "Baba, tupe moyo wa kumwaga maji ya tangi hilo leo, kabla ya jua kutua, na kulishusha kabla halijajishusha lenyewe. Ni katika jina la mwanao tunaomba na kuamini."

"Amina," wakasema wote. Wangesema nini kingine?

Wakafumbua macho. Hakuna aliyenitazama. Mwenyekiti akafungua ajenda yake. "Namba moja," akasema, "rangi ya ukuta."

"Mzee mwenyekiti," akasema mweka hazina, akijikuna shingo. "Si tumeshasema amina?"

Mzee mmoja nyuma akasema, amina ni amina, na mwingine akasema, kweli, hatuwezi kumwambia Mungu tulikuwa tunatania. Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja. Hakuuliza kama tumekubaliana. Alisimama, akachukua mwavuli wake, tukamfuata nje.

Bomba la chini la tangi lilifunguliwa jioni ile ile. Akina mama walitoka na ndoo, karai, sufuria, hata beseni za kuogeshea watoto, na yaliyobaki yakatiririka mtaroni pamoja na mvua. Mimi nilisimama mlangoni kwa mama nikisikiliza vyuma vikilia kadiri mzigo unavyopungua. Yeye aliniuliza sasa maji atachota wapi.

Siku chache baadaye akaja fundi wa kuchomelea kutoka karakana za jua kali za Kariobangi, kulikata tangi na kulishusha. Kabla ya kuwasha moto alichomoa bisibisi mfukoni, akaisukuma kwenye ule mguu uliotazama chumba cha mama. Ikaingia mpaka mpini. Hakutumia nguvu.

"Mathe," akaniambia, "hii chuma iliisha kitambo. Imebaki rangi tu."

Nilikuwa nimeogopa muda wote ule nikidhani labda nazidisha, na kumbe nilikuwa naogopa kidogo mno.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Wiki mbili baadaye mwenyekiti aliniita nje ya kanisa anisomee ajenda ya mkutano mpya, ili nikaichape kazini kama kawaida. Namba moja ilikuwa: vyumba vya nyuma vinavyokaliwa na wasio wanachama, kurudishwa kuwa stoo. Nilimtazama. Alikuwa mpole kama siku zote.

"Si umetufundisha mwenyewe," akasema, "ya kuwa cha mwanzo ndicho kinachofanyika?"

Niliichapa. Nilichapa kutolewa kwa mama yangu kwa vidole vyangu, namba moja, nikaacha nafasi mbili kama inavyotakiwa. Sikumwambia mama. Nilijiuliza ni wapi katika Nairobi hii kuna chumba kisicho na ngazi ambacho mshahara wa karani unakifikia, nikatembea mpaka bonde la Mathare nikiangalia, na niliyoyaona huko, maji ya mto yakipita karibu na milango, yakanirudisha na machozi.

Jumapili ikafika. Tukakaa kwenye viti vyetu. Zamu ya kufungua ilikuwa ya mweka hazina, lakini mwenyekiti aliinua mkono. "Leo tuombe kimoyomoyo," akasema. "Kila mtu na Mungu wake." Hata hilo tundu alikuwa ameliziba. Vichwa vikainama. Mimi sikufumba macho. Nilikaa nikitazama karatasi niliyoichapa, nikingoja kimya kiishe ili namba moja isomwe.

Ndipo mweka hazina akaanza. Alianza chini kabisa, kama mtu anayejaribu sauti, macho yamefumbwa na mikono yake ya viazi imeshikana mapajani. "Baba," akasema, "wewe unamjua yule mama wa miguu. Unajua hana ngazi anayoiweza. Unajua ya kuwa sisi ndio tuliomlaza chini ya kitu kibovu, na kimeondoka, na sasa tunataka kumwondoa yeye."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Huyu alikuwa mwanamke aliyegombana na wachukuzi wa soko zima kila alfajiri bila kupepesa, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama yangu siku ile niliyoomba.

"Ndiyo, Bwana," akasema yule mzee wa nyuma. "Ndiyo, Bwana," akafuata mwingine. Mweka hazina alimaliza, wakaitikia amina, kila mtu isipokuwa mmoja. Nilikuwa namtazama mwenyekiti midomo. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, na alikaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kusogeza viti. Kisha akasema amina, kwa sauti ndogo, akachukua kalamu akakata namba moja. "Waendelee kukaa," akasema. "Tumekubaliana?"

Sikungoja Mengineyo. Niliomba udhuru, nikatoka, nikakimbia nyuma ya jengo. Mama alikuwa amesimama uani na shuka mbichi begani, ana hasira. Kamba yake ilining'inia kutoka kwenye pete ya ukutani na upande wa pili haukuwa na pa kufungwa, maana tangi lilikuwa limeondoka.

"Umekuja vizuri," akasema. "Shika hapa."

Nikaishika ile ncha, nikarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Akaanza kuanika. Shuka la kwanza, la pili. Kisha akasimama, akanitazama kwa juu ya kamba.

"Wewe," akasema, "mbona unatikisa nguo zangu?"